Karura Inalindwa na Miguu ya Watu

Kaskazini mwa katikati ya jiji la Nairobi kuna msitu wa Karura, wenye hekta 1,041, umezungukwa na mitaa ya matajiri, vijiji vya mabanda na barabara zenye msongamano. Malango yake hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Huingia wakimbiaji, wazee walioambiwa na daktari watembee, vijana wa baiskeli, wazazi na watoto wao, na akina mama wa kijiji jirani cha Huruma wanaokwenda kuokota kuni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Huingia na glavu na sururu, kwa sababu nimejitolea katika kazi ya kung'oa magugu. Kazi hiyo imenifunza jambo ambalo ningependa kila mji wetu ulishike: bustani kubwa ya umma hulindwa na watu wanaoitumia na kuitumikia. Sheria na ua vinasaidia, lakini peke yake havitoshi.

Vijana wanaokimbia Karura leo hawawezi kuamini jinsi tulivyouogopa msitu huu. Wanyang'anyi walijificha humo, magogo yalikatwa usiku, na maiti zilitupwa vichakani. Mwanamke hakuthubutu kupita peke yake. Hofu hiyo iliwafaa wanyakuzi wa ardhi, maana mahali pasipoendwa na mtu ni rahisi kugawiwa bila mtu kujua. Mwaka 1998 ilibainika kwamba vipande vya msitu vilikuwa vimeshagawiwa wajenzi binafsi. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikataa. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mti langoni, wakavamiwa na kundi la walinzi, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Ardhi iliokoka, lakini msitu wenyewe ulibaki mahali pa kuogopwa. Mabadiliko yalikuja na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyowaruhusu majirani wa msitu kuunda chama na kuusimamia pamoja na Shirika la Misitu la Kenya. Karura ikapata chama chake, Friends of Karura. Michango ya kampuni na watu binafsi ikajenga uzio wa umeme kuuzunguka msitu, na mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma.

Uzio huo ungeweza kuwa chanzo cha uadui. Huruma ni kijiji cha mabanda kilicho upande wa Barabara ya Kiambu, na wakazi wake walikuwa na kila sababu ya kudhani wanafungiwa nje. Kilichofanyika ni kuwaingiza ndani kwa kazi. Vijana wa Huruma walifunzwa wakawa skauti wa msitu, wengine wakapata vibarua vya kupalilia na kutengeneza njia, na akina mama wakaendelea kuokota kuni zilizoanguka zenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa. Skauti aliyekulia hapo anakijua kila kijia, na anamtambua mgeni asiyekuja kwa heri kabla hajafika mbali.

Watembeaji nao wakawa ulinzi wa pili. Msitu una njia za takribani kilomita 50, na kwenye makutano kuna vigingi vyenye namba. Ukipotea, au ukiona mti umeanguka, au ukisikia msumeno mahali pasipostahili, unampigia simu skauti na kumtajia namba tu. Kadiri njia zinavyotembelewa ndivyo mhalifu anavyokosa pa kujificha.

Sasa niseme habari za magugu, maana hapo ndipo jasho langu lilipo. Adui wetu mkubwa ni lantana, kichaka chenye maua mazuri kilicholetwa kutoka Amerika ya kitropiki kupamba bustani. Ndege hula vijitunda vyake na kudondosha mbegu kila mahali. Kinapoota kwa wingi hufunika ardhi kabisa, na mche wa mti wa asili uliojiotea chini yake hufa kwa kukosa mwanga. Nilipoanza kazi hii nilimkuta mama mmoja wa Huruma aliye hodari kuliko sisi sote. Aliangalia kikundi cha wageni wakifyeka kwa panga kwa bidii, akanigeukia: "Mwalimu, hao wanaipogoa tu. Mvua ikinyesha itarudi na ndugu zake." Yeye huchimba kuzunguka shina kwa sururu, hukamata shingo ya mzizi kwa mikono miwili, huutikisa mpaka udongo uachie, kisha huung'oa mzima na kuuning'iniza juu ya tawi mizizi ikitazama juu. Ukiachwa chini kwenye unyevu, huota tena.

Ndiyo maana kurudisha msitu huanza kwa kuondoa. Sehemu kubwa ya Karura ilifunikwa na mikaratusi iliyopandwa tangu enzi za ukoloni, na chini yake haikustawi mimea mingi. Mikaratusi huondolewa kwa awamu, ardhi husafishwa, ndipo miche ya miti ya asili kutoka kitaluni huingia mvua zinapoanza. Mkinduri hukua haraka na kutoa kivuli mapema. Muhugu hukua polepole mno, na ni mti uliomalizwa sehemu nyingi za nchi kwa ajili ya vinyago. Muthiga, ambao gome lake ni dawa ya kikohozi na tumbo, nao hurudishwa. Baada ya kupanda kuna palizi ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, hadi mche uyapite magugu kwa urefu. Palizi hiyo haina wapiga picha wala hotuba, na bila hiyo jitihada yote ya awali ni bure.

Matunda yake yanaonekana. Mbega weupe kwa weusi walikuwa wametoweka Karura. Walihamishiwa humo kutoka Kipipiri, Nyandarua, ambako misitu yao ilikuwa imeliwa na mashamba. Mbega huishi kwa majani, hivyo hawezi kukaa mahali palipobaki mikaratusi mitupu. Siku hizi naweza kuinua kichwa nikiwa na sururu mkononi nikamwona mama mbega amepakata mtoto mweupe pe, mkia wake mrefu ukining'inia kwenye mkinduri.

Yote haya yanataka fedha, na sioni aibu kutetea ada ya langoni. Imelipa mishahara ya skauti, imekarabati uzio na imechimba mifereji inayoelekeza maji ya mvua pembeni yasiikate njia. Ninachotetea kwa nguvu zaidi ni ada kubaki ndogo. Mtu wa Huruma au wa mtaa wa kawaida kama Githurai akishindwa kuimudu, msitu utakuwa wa wachache, na wachache hawawezi kuulinda.

Na bado msitu unahitaji kulindwa. Mwaka 2024, ulipojulikana mpango wa kumega zaidi ya ekari 50 ili kupanua Barabara ya Kiambu, waliopaza sauti walikuwa wengi, kwa kuwa safari hii maelfu ya watu walikijua kipande hicho kwa miguu yao.

Miji yetu mingine ina ardhi kama hiyo: kingo za mito, machimbo yaliyoachwa, misitu midogo iliyogeuzwa majalala. Anayetaka kuifufua na aanze na majirani maskini kuliko wote, awape kazi yenye malipo kabla hajanunua mche hata mmoja. Na wewe msomaji, kaunti yako ikitangaza sherehe ya kupanda miti, nenda, lakini uliza mbele ya watu: nani atapalilia mwaka wa pili, na atalipwa na nani? Wakikosa jibu, wadai bajeti hiyo kwanza.