Mshahara, Shauku na Ghala: Namna ya Kupima Uamuzi wa Kuacha Kazi

Lalago ni mji mdogo wilayani Maswa, katika Mkoa wa Simiyu. Umezungukwa na mbuga za udongo mweusi ambao hunata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wakazi wake wengi huishi kwa pamba, mtama, mahindi, dengu, choroko na mifugo. Miongoni mwao wapo wachache wanaopokea mshahara kila mwezi: makarani, walimu, watumishi wa zahanati na mabwana shamba. Hao ndio hasa wanaohusika na makala haya.

Tumfikirie karani mmoja wa mfano. Ana umri wa miaka 35, ana mke na watoto watatu, na kazi yake ofisini haina dosari. Lakini furaha yake haimo katika majalada. Ifikapo jioni hushika msumeno, randa na patasi, na majirani husifu viti na vitanda anavyotengeneza. Kwa miaka kadhaa amekuwa akijiuliza: Je, niache ofisi niwe seremala? Swali hili huonekana kuwa la moyo tu, na kweli hakuna mizani ya kupimia mapenzi ya mtu kwa kazi yake. Hata hivyo lina sehemu inayoweza kupimwa, na aghalabu watu huumia kwa sababu ya kutoipima sehemu hiyo.

Mshahara ni nini?

Wengi hudhani kwamba mshahara ni kiasi cha fedha tu. Tuanze basi na kiasi hicho. Tuseme karani wetu, ambaye ni mtumishi wa umma, analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Juu ya hizo, mwajiri humchangia asilimia 15 ya mshahara katika mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani shilingi 90,000. Hivyo, bila kuhesabu kodi, atakachokiacha si 600,000 bali ni 690,000. Iwapo kitanda kimoja humwachia shilingi 60,000 baada ya kulipia mbao, misumari, vanishi na nauli, atahitaji kuuza vitanda 12 kila mwezi ili abaki pale alipo. Swali la kwanza, basi, halihusu ustadi wake. Ni hili: Je, Lalago na vijiji vyake vina wanunuzi wa vitanda 12 kila mwezi, Januari hadi Desemba?

Hapo ndipo inapojitokeza sifa ya pili ya mshahara, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza: hautegemei mvua. Seremala hana haja ya kuwa na shamba la pamba, lakini wateja wake wanalo. Mtu wa Lalago huagiza kitanda, kabati au milango ya nyumba mpya baada ya kuuza pamba, dengu au ng'ombe. Sehemu hizi hupata takriban milimita 600 hadi 900 za mvua kwa mwaka, na mara nyingine mvua hiyo huchelewa au hukatika mimea ingali michanga. Msimu ukiharibika, wa kwanza kuumia ni mkulima, na wa pili ni fundi anayemtegemea mkulima huyo.

Kwa hiyo anayeacha mshahara haachi fedha tu. Anahama kutoka upande usioguswa na ukame kwenda upande unaoguswa. Wala hahami peke yake. Ndugu zake walioko shambani, ambao mwaka wa njaa hubisha hodi kwake, wanahamishwa pamoja naye bila kuulizwa.

Mfano wa Mwadui

Upande wa magharibi wa Lalago, katika Mkoa wa Shinyanga, uko mgodi wa almasi wa Mwadui. Historia yake ni mfano mashuhuri wa mtu aliyeacha ajira ili afuate shauku yake. John Williamson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1907, alikuja Afrika akiwa mtaalamu wa miamba aliyeajiriwa na makampuni ya madini. Alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Tanganyika katika machimbo ya almasi ya Mabuki. Waajiri wake walipokata tamaa na Mabuki, yeye hakukata. Mwaka 1936 alizichukua haki za machimbo hayo akaendelea kutafuta kwa gharama yake mwenyewe. Tarehe 6 Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui, katika mwamba uitwao kimbalaiti wenye eneo la hekta zipatazo 146, mmojawapo wa miamba mikubwa kabisa ya aina hiyo duniani.

Hadithi hii husimuliwa kana kwamba inathibitisha kuwa mwenye shauku hushinda. Tukiichunguza, twaona mambo mengine matatu. Kwanza, Williamson alikuwa na shahada ya udaktari katika elimu ya miamba, aliyoipata katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1933. Aliacha mwajiri, lakini hakuacha fani aliyoijua. Pili, hakuwa na mke wala watoto. Tatu, fedha zilipomwishia alipata watu wa kumkopesha, akiwamo wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye baadaye alikuwa mshiriki wake katika mgodi.

Jambo hilo la tatu lastahili kutazamwa zaidi. Kimbalaiti hupanda kutoka chini sana ardhini, na pamoja na almasi huleta madini mengine mazito ambayo hutapakaa udongoni. Mtafutaji huchimba mashimo, huosha udongo na kuhesabu chembe za madini hayo ili ajue aelekee wapi. Shimo lisilo na almasi si hasara tupu, maana humfundisha mahali pa kuchimba shimo linalofuata. Lakini somo hilo humfaa tu yule ambaye bado anao uwezo wa kuchimba tena. Mkopo ulimnunulia Williamson kitu kimoja: muda wa kukosea.

Tena tusisahau wale ambao majina yao hayakuandikwa. Watafutaji waliorudi mikono mitupu hawana mgodi wa kuwatangaza. Anayejifunza kutokana na waliofaulu peke yao ni sawa na mkulima anayetazama mashimo yaliyoota tu, kisha akatangaza kwamba mbegu zote zilikuwa nzuri.

Hesabu ya miaka mitatu

Turudi kwa karani wetu. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mwaka mmoja katika kila minne huwa mbaya kwa biashara ya Lalago. Je, itakuwaje katika miaka yake mitatu ya kwanza ya useremala?

Kila mwaka una nafasi nne zilizo sawa: tatu njema na moja mbaya. Kwa miaka mitatu, jumla ya nafasi ni 4 × 4 × 4, yaani 64. Zile ambazo miaka yote mitatu ni mizuri ni 3 × 3 × 3, yaani 27. Zinazobaki, 37 kati ya 64, zina angalau mwaka mmoja mbaya. Kwa hiyo fundi asiye na akiba, ambaye mwaka mmoja mbaya watosha kumwangusha, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka kuliko wa kusimama, hata kama ustadi wake hauna mfano.

Sasa tumpe akiba ya kutosha kuilisha nyumba yake mwaka mmoja, na tuseme kwamba mwaka mzuri humwezesha kuijaza tena. Huyu ataanguka tu ikiwa miaka miwili mibaya itafuatana. Nafasi ambazo mwaka wa kwanza na wa pili ni mibaya ni 4. Nafasi ambazo wa kwanza ni mzuri, na wa pili na wa tatu ni mibaya, ni 3. Jumla ni 7 kati ya 64. Ghala la mwaka mmoja limeishusha hatari kutoka 37 hadi 7. Shauku yake haikuongezeka hata kidogo, na mikono yake ni ile ile.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Miaka ya ukame mara nyingine hufuatana, na hapo hatari huwa kubwa zaidi. Msomaji na aiondoe ile robo yetu, aweke kipimo chake mwenyewe baada ya kuwauliza wazee ni misimu mingapi imeharibika katika ishirini iliyopita.

Hekima ya ngitili

Wasukuma walikuwa na elimu hii kabla ya kuandikwa vitabuni. Mfugaji hutenga sehemu ya malisho, akaifunga mvua zinapoanza, akaifungua tu kiangazi kinapokuwa kikali. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza Shinyanga mwaka 1986, wakati Maswa ilipokuwa bado ndani ya mkoa huo, ulifanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa kuihuisha desturi hiyo. Mwenye ngitili haichungi kwa kuwa ng'ombe wameitamani. Vivyo hivyo, akiba ya anayetaka kuacha kazi isinunue mashine ya kuranda wala pikipiki. Ni malisho ya kiangazi.

Kujaribu kabla ya kuondoka

Mwanasayansi hapandi shamba zima mbegu asiyoijua. Hupanda kipande, akakipima. Karani wetu na afanye useremala kwa miezi 12, jioni na siku za mapumziko, bila kuiba saa za ofisi. Awe na daftari, aandike bei ya mbao, nauli yake, saa alizofanya kazi, fedha alizolipwa taslimu na madeni ambayo hayajalipwa. Atenge hesabu ya wateja ambao si ndugu wala rafiki, kwa maana hao ndio soko. Wala asijipime kwa Julai, pamba ikishauzwa na kila mtu ana fedha. Ajipime kwa Februari, wakati maghala yamepungua na watu wamo mashambani.

Kabla ya kuanza, aandike kiasi ambacho akikifikia ataacha ofisi, na hasara ambayo ikifika atarudisha randa sandukuni. Karatasi hiyo amwonyeshe mkewe, kwa kuwa ghala litakalowekwa rehani ni lao wote. Kipimo kinachowekwa baada ya matokeo kujulikana si kipimo, bali ni kisingizio.

Aihesabu pia tarehe ya kuondoka. Ili mwanachama astahili pensheni ya kila mwezi uzeeni, sheria hutaka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Aliyechangia miezi 170 akaondoka kwa hasira ya siku moja hupoteza zaidi ya aliyevumilia miezi 10 iliyosalia.

Lakini kubaki nako kuna gharama yake. Mkono usiofanya kazi husahau, na mwenye miaka 35 aweza kuanza upya kwa wepesi kuliko mwenye 55. Anayesubiri mpaka hatari yote iishe atasubiri mpaka kaburini. Kwa hiyo makala haya hayamwambii karani abaki, wala hayamwambii aondoke. Yanamwambia ajue ghala lake laweza kustahimili misimu mingapi mibaya. Siku atakapoweza kulijibu swali hilo kwa tarakimu, shauku yake itakuwa imepata mahali pa kusimama, na akiamua kubaki ofisini na kushika randa jioni tu, hatakuwa ameshindwa.