Mfinyanzi Naye ni Mtunzi: Kazi za Pamoja za Wanafunzi wa Sanaa Busia na Tororo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza kazi za kusimika ni kazi za namna gani. Mtunzi wake hachongi sanamu moja wala hachori picha moja ya kutundikwa ukutani. Hukusanya magunia, mabati, nguo, udongo, sauti na mwanga, akavipanga chumbani mpaka chumba chenyewe kikawa kazi, na mtazamaji akaingia ndani yake. Nilisema pia kwamba kazi kama hizo hazimfai mtu mmoja, kwa uzito wake na kwa wingi wa ujuzi unaotakiwa. Leo naingia katika swali gumu zaidi. Wanafunzi wa sanaa wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, pamoja na wenzao wa Tororo, wakiandaa kazi ya pamoja kwa ajili ya maonyesho ya Kampala au Nairobi, nani anastahili kuitwa mtunzi wake? Kwa maoni yangu, mfinyanzi aliyefinyanga chungu, fundi aliyekunja bati na mama aliyesuka mkeka ni watunzi pamoja na mwanafunzi, na majina yao yanapaswa kuonekana kwenye kibao cha kazi. Wakiachwa nje, kazi hiyo itakuwa ya wanafunzi tu, iliyopambwa kwa jasho la wengine.

Ushahidi wa kwanza uko mlimani. Kakapel, katika Kaunti ya Busia, si mbali na mji wa mpakani wa Malaba, kuna mwamba uliochorwa ambao Kenya iliutangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2004. Mitindo ya michoro yake ni zaidi ya mmoja: kuna maumbo ya duara, kuna ng'ombe, kuna rangi nyekundu na nyeupe, na mchoro mmoja umepita juu ya mwingine. Waliochora hawakuwa watu wa kizazi kimoja wala wa maisha ya aina moja. Watafiti waliochimba chini ya mwamba huo walitangaza mwaka 2024 kwamba wamepata kunde ya miaka ipatayo 2,300, na mazao mengine yaliyofika hapo kwa nyakati mbalimbali na kutoka pande mbalimbali. Ng'ambo ya mpaka, ukitoka Tororo ukapita Mbale kuelekea Kumi, yapo mapango ya Nyero yenye duara zilizochorwa moja ndani ya nyingine. Mpaka unaotenganisha Kakapel na Nyero ni mchanga sana ukilinganishwa na michoro hiyo, kwani mwaka 1902 Waingereza waliondoa Mkoa wa Mashariki katika himaya yao ya Uganda wakautia katika himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo Kenya ya leo. Waiteso na Wasamia wakajikuta pande mbili. Kwa hiyo anayedhani kwamba kazi ya mikono mingi ni mtindo ulioletwa na majumba ya sanaa ya Ulaya autazame kwanza ukuta wa Kakapel.

Lakini ukuta huohuo unatuonyesha pia hasara. Hatujui jina hata moja la waliouchora. Kwao pengine halikuwa jambo la kusikitisha. Kwetu ni tofauti, kwa sababu sisi tunaishi katika ulimwengu ambamo jina ndilo linalomletea mtu malipo, mwaliko na heshima, na katika ulimwengu huo majina yamegawanywa kwa upendeleo. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937 na ambaye shule ya sanaa ya chuo hicho imepewa jina lake, alichapisha mwaka 1953 pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Kitabu hicho kina thamani isiyo na shaka, na vyombo vingi visingejulikana leo bila hicho. Hata hivyo, tangu jina lake, kinazihesabu kazi hizo kuwa za makabila. Mchoraji wa Makerere aliitwa kwa jina lake, mfinyanzi wa kijijini akaitwa kwa kabila lake. Huo ndio mgawanyo tuliorithi, na mwanafunzi wa leo anayeandika kwenye kibao "chungu cha Kiteso" chini ya jina lake mwenyewe anauendeleza bila kujua. Hapa mpakani kosa lina sura mbili, maana chungu cha Kiteso kinaweza kuwa kimefinyangwa Kenya au Uganda, na neno hilo halimwambii mtazamaji hata ni nchi gani.

Wapo watakaosema kwamba mfinyanzi hutengeneza alichoagizwa, hulipwa, na baada ya malipo hana dai tena. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuipita juujuu. Tufikiri basi kinachotokea wanafunzi wanapoagiza vyungu 30 vya pombe ya wimbi, ile inayonywewa kwa mirija mirefu huku watu wamekizunguka chungu kimoja, ili wavitundike darini katika jumba la maonyesho. Mfinyanzi ndiye anayejua udongo wa bonde gani hupasuka na wa bonde gani huvumilia. Ndiye anayeamua achanganye mchanga kiasi gani au vigae vilivyosagwa kiasi gani, ukuta wa chungu uwe mnene vipi ili kisiwe kizito kupita kamba itakayokibeba, na moto wa nyasi na kuni uwake kwa muda gani. Akisema mdomo wa chungu upanuliwe kidogo usije ukakatika, umbo limebadilika, na umbo ndilo mtazamaji atakaloliona. Hayo ni maamuzi ya kisanaa, hata kama hayakuandikwa katika daftari la michoro. Malipo hayafuti utunzi: mchoraji aliyeuza picha yake hubaki kuwa mchoraji wa picha hiyo. Ladi Kwali wa Nigeria alikuwa mfinyanzi wa vyungu vya maji aliyejifunza kwa jamaa zake kijijini, na leo sura yake imo katika noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa duniani, alikwenda Abuja katika miaka ya 1970 akajifunza kwa mwanamke huyo, na hajawahi kumficha mwalimu wake. Hakuna sababu ya mfinyanzi wa Tororo kustahili pungufu ya hapo.

Malighafi nazo zina la kusema, na mpakani husema zaidi kuliko kwingineko. Tororo kuna mifuko ya saruji ya kiwanda, Malaba kuna maturubai ya malori yanayongoja zamu, Busia kuna mitumba, magurudumu ya baiskeli na mabati. Kitu kilekile hubadilika maana, na pengine hata uhalali, kikivuka mita chache. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mfuko wa plastiki, ambao Uganda huitwa kaveera. Kenya iliupiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayoanzia shilingi milioni 2. Uganda ilitunga sheria dhidi ya mifuko myembamba mwaka 2009, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, na mifuko imeendelea kuvushwa kwa magendo kuingia Kenya. Mwanafunzi wa Busia ya Uganda akishona pazia la kaveera, ameshika kitu ambacho mwenzake wa upande wa pili angeweza kushtakiwa kwa kukitumia dukani. Je, pazia hilo ni mzigo, ni takataka au ni kazi ya sanaa? Swali hili halihitaji maelezo marefu ukutani, kwa kuwa limo ndani ya plastiki yenyewe. Hata hivyo busara inawataka wanafunzi waandikie mamlaka ya mazingira, ambayo nchi zote mbili huiita NEMA, kabla pazia halijafika forodhani. Na barua hiyo, pamoja na jibu lake, inaweza kutundikwa kando ya pazia ikawa sehemu ya kazi.

Huenda mtu akauliza kama majina mengi hayatamchanganya mtazamaji, au hayatamvunja moyo msimamizi wa maonyesho aliyezoea nyota mmoja. Mwaka 2022 ulilijibu hilo mara mbili. Katika maonyesho ya Venice, Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake, ikapewa heshima maalumu. Mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, huunda kazi zake kutokana na mikeka na nyuzi zinazosukwa na wanawake mafundi, naye huwataja wanawake hao kuwa washiriki wa kazi hizo. Mwaka huohuo Wajukuu, kikundi cha mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, kilialikwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho ya documenta, kikaufunika mlango wa jumba kwa mabati yaliyokula kutu hata wageni wakaingia kwa kupita kwenye handaki la bati. Kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. La kuangalia zaidi ni kwamba humo ndani ya kazi ya wote, Ngugi Waweru alionyesha sanamu alizoziunda kwa visu vilivyolika kwa kunolewa, na zikajulikana kuwa zake. Jina la kikundi na jina la mtu vilikaa pamoja bila kugombana.

Pingamizi la walimu ni zito zaidi: mtihani humpima mtu mmoja mmoja. Ni kweli. Ila mitaala imeanza kusogea. Uganda, kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, hutoa asilimia 20 ya alama kutokana na kazi zinazofanyika shuleni, na miradi imepewa nafasi yake. Kenya ilianza Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, sanaa ikiwa katika mojawapo ya njia tatu za masomo. Mwalimu anaweza kumtaka kila mwanafunzi aandike daftari linaloonyesha alifanya nini, alijifunza nini kwa fundi yupi, na wapi alikubali ushauri wake. Daftari hilo litampima mwanafunzi vizuri kuliko kipande kimoja kilichokatwa kutoka kazi nzima, na fundi naye atakuwa ameingia katika kumbukumbu za shule.

Sheria haizuii lolote katika haya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Uganda ya mwaka 2006 zote zinautambua utunzi wa pamoja. Kinachokosekana ni karatasi moja, inayotiwa saini kabla kazi haijaanza, ikieleza nani ni watunzi, kazi ikiuzwa fedha zigawanywe vipi, na vyungu virudi kwa nani isipouzwa. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiteso, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na nakala zibaki pande zote mbili. Karatasi hiyohiyo itamsaidia atakayevusha mzigo katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu vitu kuingizwa kwa muda na kurudishwa, mradi vimeorodheshwa na mwenyewe anajulikana. Namna ya kuiandaa orodha hiyo, na ya kuvifunga vyungu 30 visivunjike njiani kutoka Tororo hadi Nairobi, ndiyo mada ya sehemu ya tatu.