Jirani Anayefika Kwanza: Utangulizi wa Sheria ya Mafunzo ya Waokoaji

Sheria ya mafunzo ya waokoaji ni taaluma changa, na maandishi yake kwa Kiswahili ni ya kuhesabu. Inauliza swali moja: sheria ifanye nini ili yule anayemfikia majeruhi kwanza awe amefundishwa? Wenzangu wengi huanza kusomesha na gari la wagonjwa. Mimi huanzia Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako gari hilo likija huwa linakuta motari, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wameshawabeba watu.

Kanyaruchinya iko kwenye barabara ya Rutshuru, katika teritwari ya Nyiragongo, chini kabisa ya mlima wenye jina hilo. Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipasuka ubavuni na lava ikateremka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Hesabu ya kwanza ya serikali ilitaja vifo 15. Soma mgawanyo wake polepole: watu 9 walikufa katika ajali ya barabarani wakati wa kukimbia, 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 ndio walioungua. Siku mbili baada ya mlipuko, watu wasiopungua 5 walikufa kwa kukosa hewa wakikatiza juu ya lava iliyokuwa bado inapoa. Idadi ya vifo ilikuja kupita 30.

Hakuna mtu wa kuuzuia mlima. Lakini kuongoza magari gizani, kuzuia damu isitoke, kusimama kwenye ukingo wa lava na kuwaambia watu wasipite bado: hayo yote hufundishika, na wa kuyafanya ni watu wa mtaani, kwa sababu usiku ule wao ndio waliokuwapo.

Tazama pia mazuku, yanayopatikana hasa upande wa Sake na kando ya Ziwa Kivu. Ni mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa hutuama, maana ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haionekani wala hainuki. Mtoto akianguka humo, mama ataingia kumtoa. Jirani akimwona mama ameanguka, naye ataingia. Somo la kwanza la mwokoaji wa huku ni kutoinama.

Hapa ndipo mwanasheria anapoingia. Kanuni ya adhabu ya Kongo inamwadhibu mtu anayeacha kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini, ikiwa angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha yeye wala wengine. Ni kanuni nzuri. Ila inamdai mwananchi elimu ambayo hakuna aliyempa: atajuaje kama shimo lile lina hatari? Sheria imemwandalia adhabu, mafunzo haijamwandalia. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya, na sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 imeweka misingi ya afya ya umma. Kati ya ahadi hizo kubwa na motari wa Kanyaruchinya pana pengo, na pengo hilo ndilo uwanja wetu.

Nchi nyingine za ukanda wetu zimejaribu. Kenya iliandika katika Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura, kisha Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza kuwa matibabu hayo yanaanza kabla ya hospitali. Kampala ilipita njia nyingine, ambayo binafsi naipenda zaidi: watafiti waliwafundisha watu 307, wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Hata Marekani mambo hayakuanzia bungeni pekee. Huko Pittsburgh, mwaka 1967, vijana weusi wa mtaa wa Hill District walianza kufundishwa kazi ya uokoaji, miaka 6 kabla ya sheria ya mwaka 1973 iliyotoa fedha za mifumo ya huduma za dharura nchini humo.

Ukiletewa muswada wowote wa aina hii, usidanganywe na dibaji. Nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha fedha, kisha kile cha kurudia mafunzo. Mkono uliojifunza kufunga jeraha husahau. Kuhusu fedha, kumbuka mwisho wa 2022: kipindupindu kilipoingia kambi za waliohama makwao huko Nyiragongo, Kanyaruchinya ikiwemo, mareko, yaani wahudumu wa afya wa jamii, na watu wa kujitolea ndio waliokuwa karibu na wagonjwa, kambi ikiwa juu ya mwamba wa lava ambao ni kazi ngumu hata kuuchimbia choo. Muswada unaowapongeza watu hao bila kusema nani atalipa glovu zao na siku zao za mafunzo, mimi nauita salamu.

Lipo jambo gumu zaidi. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, na sheria itakayopitishwa Kinshasa leo haitafika Kanyaruchinya. Wapo wanaosema basi tusubiri amani. Siafiki. Kifungu cha 3 kinachorudiwa katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinataka majeruhi na wagonjwa wakusanywe na kutunzwa, na kinazifunga pande zote za vita vya ndani, jeshi la serikali na waasi vilevile. Kazi ya kukusanya majeruhi inahitaji watu wanaoijua. Soma kifungu hicho kwanza, ndipo ufungue sura ya kwanza.