Sahani ya Sikukuu Garsen: Kilichopotea Kabla ya Pilau

Idi au Krismasi ikikaribia Garsen, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya, akina mama wa makamo ndio wanaobeba kazi yote ya jikoni. Wanaamka alfajiri kukanda mahamri, wanakaanga, wanapika pilau, wanapokea wageni. Kazi ikiisha wanakaa jamvini na chai yenye sukari nyingi au soda, na siku tatu zinapita hivyo. Wengi kati yao wana presha au kisukari. Zahanati huwapa ushauri ule ule: punguza mafuta, punguza chumvi, tembea. Ushauri huo ni sahihi, lakini unaanzia mwisho wa habari.

Mwanzo wake uko mtoni. Kwa vizazi vingi Wapokomo walilima kwa kufuata mafuriko ya Mto Tana, yaliyokuja masika na vuli. Maji yakipungua yaliacha tope, nao wanawake wakapanda mpunga, mahindi na ndizi. Vidimbwi vilivyobaki vilitoa kambare. Waorma, majirani zao wafugaji, walileta maziwa na samli, wakabadilishana na nafaka za wakulima. Pilau ilikuwa chakula cha sikukuu, na siku nyingine zote mwanamke alikula samaki, mboga za majani na mtindi, tena baada ya kutembea hadi shambani na kurudi.

Mpangilio huo umeporomoka polepole. Kwenye sehemu ya juu ya mto, Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981 na la Kiambere 1988, na mafuriko ya kawaida yakapungua. Yaliyokuja baadaye yalikuwa ya kuangamiza: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mito Tana na Athi, kwenye delta. Huko Ozi, karibu na Kipini, maji ya bahari yamepanda na kuchoma mashamba ya mpunga. Mti vamizi wa mathenge umeenea kwenye malisho. Mapigano ya mwaka 2012 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya mia moja na kuwafanya wengi waogope mashamba ya mbali. Ukame uliomalizika 2023 ukaua mifugo, na mwaka 2024 mafuriko yakafukuza watu tena.

Pengo hilo limejazwa na duka: unga wa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, mchele wa kutoka nje. Chapati na soda, vyakula vya sikukuu zamani, sasa huliwa siku yoyote yenye pesa. Ndiyo maana simlaumu mwanamke anayekula vizuri siku ya Idi. Kinachomdhuru zaidi ni siku za kawaida, ambazo zimepoteza samaki na mboga zao.

Umri nao unaongeza uzito wa jambo hili. Hedhi ikikoma, mifupa hupungua nguvu, mafuta hukusanyika tumboni, na presha hupanda kwa urahisi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wazima wana presha ya juu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku. Zamani safari ya shambani na mchi wa kinu vilimtosheleza mwanamke wa hapa bila yeye kuhesabu dakika. Sitamani kinu kirudi, kwa maana kilivunja migongo ya mama zetu. Lakini mashine ya kusaga na bodaboda vilipoondoa kazi hiyo, hakuna kilichowekwa mahali pake.

Sikukuu inaweza kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa watu wote wako nyumbani. Kambare wa kuchemsha na mchicha wa nazi viwekwe mbele, pilau ifuate. Chai ya pili iwe bila sukari. Jamaa walio karibu watembelewe kwa miguu jioni jua likipoa, mama na mabinti zake pamoja, na vijana waoshe vyombo ili mama apate muda huo. Mwenye dawa asiziache kwa sababu ya wageni.

Lakini jiko peke yake haliwezi kurudisha kilichopotea mtoni. Serikali ya kaunti na wasimamizi wa mabwawa wana wajibu wa kuhakikisha maji yanafika delta kwa wakati wa kupanda, na mashamba ya wanawake yanapata ulinzi. Tunawaomba walitekeleze hilo kabla ya msimu ujao wa masika.