Kigeu na Kigezo katika Jaribio la Ndege ya Karatasi

Wafasiri wengine huliita "kigezo" kila jambo linalopimwa katika jaribio la sayansi. Tunaona matumizi haya yanapotosha. Kigezo ni kielelezo cha kulinganishia, nacho hakitarajiwi kubadilika. Kigeu ni jambo linalobadilika.

Tuchukue jaribio la ndege ya karatasi. Mwanafunzi akibadili mkunjo wa mabawa ili aone ndege itafika wapi, mkunjo ndio kigeu huru, na umbali ni kigeu tegemezi. Karatasi, mrushaji na nguvu ya mkono visibadilishwe. Sharti hili si dogo. Mwaka 2012, huko California, ndege aliyoibuni John Collins ilikwenda mita 69.14, lakini aliyeirusha ni Joe Ayoob, aliyepata kuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Rekodi hiyo peke yake haituambii kama sifa ni ya mkunjo au ya mkono.

Kuhusu kipimo chenyewe, twapendelea "umbali" kuliko "masafa", maana masafa yamekwisha kuzoeleka katika redio kwa maana nyingine. Nao upimwe hadi pale ndege inapogusa ardhi kwanza, si inapokomea baada ya kuteleza.