Gayogayo wa Texas: mkuki, taa na Novemba iliyofungwa

Juzi nilikuwa kafe, nimebakiwa na dakika kumi na mbili, nikafungua video ya jamaa wa Texas wanatembea baharini usiku. Maji ya magotini. Mkono mmoja taa, mkono mwingine mkuki. Hawakimbii, hawapigi stori, wanatembea taratibu kama mtu aliyedondosha funguo. Ghafla, chwaa! Mkuki chini, halafu anainuliwa samaki mpana kama sahani ya pilau.

Mshikaji aliyekaa kompyuta ya pembeni akachungulia. "Huyo si gayogayo?" Nikamwambia ni wa ukoo huo huo wa samaki bapa. Akasema, "Mbona rahisi hivyo, si watammaliza?" Dakika zikaisha kabla sijamjibu. Jibu lenyewe refu kidogo, nimelichimba, basi twende kazi.

Huyo wa Texas kwao anaitwa flaunda wa kusini. Mimi nitamwita gayogayo, tutaelewana. Anazaliwa kama samaki yeyote, jicho huku na jicho kule. Akiwa bado mdogo kuliko kucha yako, jicho la kulia linaanza kuhama, linapita juu ya kichwa mpaka linakaa kushoto pamoja na mwenzake. Kuanzia hapo analala ubavu maisha yake yote. Upande wa juu una rangi ya tope na unabadilika kufuata sakafu alipolala, upande wa chini ni mweupe pee. Anajirushia mchanga kidogo mgongoni, anabakiza macho tu. Kamba au samaki mdogo akipita, kwisha habari yake.

Sasa usiku, maji yakianza kujaa, gayogayo anasogea kwenye maji mafupi kabisa, ukingoni mwa fungu la mchanga, kwenye midomo ya vihori na kando ya majani ya bahari, maana ndiko chakula kinakopita. Anatulia hapo akiamini hakuna anayemwona. Na kweli mchana humwoni. Usiku ukimulika taa kutoka juu, maji yakiwa maangavu na upepo umelala, unaona umbo lake, duara refu lenye macho mawili yanayong'aa kidogo. Upepo ukivuma, maji yakatibuka, rudi nyumbani kalale.

Zamani huko walitumia mienge ya kuni za msonobari, ikaja karabai, siku hizi ni taa za LED. Wenye pesa wana boti za chini bapa zenye safu ya taa mbele, wanasimama juu yake na mikuki mirefu. Wasio na pesa wanatembea kwa miguu, na mimi naona hawa ndio wanaofaidi zaidi. Mtembeaji anaona kitu ambacho mwenye boti anakiruka: alama. Gayogayo akiondoka alipolala, mchanga unabaki na umbo lake, kama wayo wa mguu wa mtu. Ukikuta nyingi, unajua wapo karibu. Ukubwa wa alama unakuambia ukubwa wa samaki.

Kupiga nako kuna adabu yake. Unalenga nyuma ya kichwa, unamgandamiza chini, huinui haraka. Ukiinua tu anajipinda na kuchomoka, hata kama mkuki una vijino vya kumshika. Mzoefu anamshikilia na mkuki, halafu anapitisha mkono chini yake ndipo anamnyanyua.

Na usinyanyue miguu! Buruta. Kuna taa wamejifukia kwenye mchanga ule ule. Kiswahili chetu kinachekesha hapa, mkononi una taa, miguuni kuna taa, na wa miguuni ana mwiba wenye sumu. Ukiburuta mguu unamgusa ubavuni naye anakimbia, ukimkanyaga juu anakuchoma. Jambo jingine ni kidonda. Kwenye maji yale ya vuguvugu, yasiyo na chumvi kali, kuna bakteria anaitwa Vibrio vulnificus. Anaingilia hata mkwaruzo mdogo na anaweza kuua mtu kwa siku chache. Mwenye kidonda anakaa nyumbani, basi.

Mpaka hapo unaona ni uvuvi safi. Hakuna baruti, hakuna nyavu za kuzoa mpaka mayai. Mtu na samaki mmoja mmoja. Kwa hiyo tatizo liko wapi?

Liko kwenye kalenda. Mwaka mzima gayogayo hawa wanaishi kwenye ghuba ndogo za ndani kama Galveston na Matagorda, wametawanyika. Ikifika Oktoba na Novemba, upepo wa baridi wa kaskazini unaanza kupiga, maji yanapoa, nao wanaondoka kwenda kuzaa kwenye kina cha Ghuba ya Mexico. Njia za kutokea ni chache, ile milango kati ya visiwa. Samaki waliotawanyika kilomita na kilomita wanabanana kwenye njia nyembamba, wanene, wamejaa mayai. Mwenye taa na mkuki akisimama pale anavuna kama yuko shambani. Wazee wa Texas waliipenda Novemba kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu sikiliza hii. Jike ndiye mkubwa. Dume ni nadra kupita inchi 14, na sheria ya Texas sasa inataka samaki asipungue inchi 15, yaani sentimita 38. Piga hesabu mwenyewe. Karibu kila samaki halali anayeingia kwenye ndoo ni mama. Sheria haikutungwa na wajinga, nia ni jike apate nafasi ya kuzaa kabla hajaliwa, lakini ukweli ndio huo, wanaovuliwa ni akina mama.

Na mkuki hausamehi. Mwenye ndoana akipata kitoto anakichomoa na kukirudisha. Wewe wa mkuki ukikosea umeua, na umevunja sheria. Kwa hiyo unatakiwa umpime samaki kwa macho, usiku, ndani ya maji ambayo yanamfanya aonekane yuko karibu na mkubwa kuliko alivyo. Wengine wanaweka alama za urefu kwenye mti wa mkuki wenyewe. Kanuni ya wazoefu ni fupi, ukiwa na shaka, pita.

Idara ya Texas Parks and Wildlife inapima samaki kwa nyavu zake miaka nenda rudi, na gayogayo wamekuwa wakipungua kwa miongo kadhaa. Ndipo mwaka 2009 wakakata idadi ya kuchukua kwa siku kutoka 10 hadi 5, na Novemba wakapiga marufuku mkuki kabisa. Wa ndoana waliruhusiwa wawili kwa siku. Hapo unaweza kuelewa mtu wa mkuki alivyojisikia, samaki ni yule yule, bahari ni ile ile, mmoja anaambiwa kaa nyumbani, mwenzake anavua. Mwaka 2014 wakaongeza wiki mbili za kwanza za Desemba ziwe na kikomo cha wawili. Bado haikutosha. Kuanzia 2021, tangu Novemba 1 hadi Desemba 14 hakuna kuchukua gayogayo kabisa, uwe na mkuki, uwe na ndoana. Na si Texas peke yake. Alabama ilifunga Novemba kuanzia 2019, Florida ilianza kufunga 2021 na Louisiana 2022, zote mbili kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba.

Mimi nilidhani hadithi inaishia hapo, mkuki ndio mwizi, amefungwa, tumemaliza. Kumbe kuna kingine, na hiki ndicho kilinikalisha kafe nusu saa zaidi (deni bado lipo).

Gayogayo huyu hazaliwi jike moja kwa moja. Wale wenye damu ya kike wanaamuliwa na joto la maji wakiwa wadogo, urefu wa kidole hivi. Maji yakiwa kwenye nyuzi 23 za Selsiasi, nusu wanakuwa majike. Yakipanda zaidi, au yakipoa sana, waliotakiwa kuwa majike wanageuka madume. Mwenye damu ya kiume yeye habadiliki, ni dume tu. Maana yake hata mambo yakiwa mazuri kabisa, majike hawazidi nusu. Watafiti wa North Carolina walichapisha mwaka 2019 kwamba kwenye baadhi ya maeneo ya kukulia yenye maji ya moto walikuta madume hadi asilimia 94.

Sasa unganisha. Maji yanapunguza majike kabla hawajakua, na sisi tunachagua majike wakishakua. Texas wanajaribu pia kuzalisha vifaranga na kuwaachia kwenye ghuba, lakini vifaranga hao nao wanaachiwa kwenye maji yale yale.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kompyuta ya pembeni, jibu ni hili. Mkuki peke yake haummalizi. Mkuki Novemba, kwenye mlango wa bahari, miaka ambayo maji yamechemka, huo unaweza. Na kati ya hayo, joto la bahari mvuvi hawezi kulishusha, ila wiki sita anaweza kukaa nyumbani. Mimi naona wamefanya sawa, na naona pia kwamba wa mkuki alilipa kabla ya wenzake.

Leo nimerudi kuangalia ile video imepandishwa lini. Tarehe 30 Oktoba. Jamaa walikuwa wamebakiwa na usiku mmoja.

Wadau wa Kilwa, Mafia, Lamu na Pemba, mnaotoka na taa usiku maji yakipwa: gayogayo wa kwetu mnamwona miezi gani, na majike mnawajuaje? Mwageni maoni hapo chini.