Mishkaki huharibikia kwenye bakuli

Nyama ya ng'ombe inayoning'inia asubuhi kwenye mabucha mengi ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa imechinjwa usiku huohuo. Katika nchi nyingine mzoga hulazwa kwenye chumba cha baridi siku kadhaa, hata wiki mbili na zaidi, mpaka vimeng'enya vya nyama yenyewe viilegeze. Sisi tunaipika ikiwa bado imekakamaa, na mara nyingi ni ya ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, aliyetembea mno kutafuta malisho na hana mafuta ya kumwaga. Kwa nyama ya namna hii, papai bichi lina kazi ya kweli kwenye bakuli la mishkaki.

Kazi hiyo imo kwenye utomvu mweupe unaotoka ukilichana papai. Una papaini, kimeng'enya kinachokata protini za nyama. Kongo, Uganda na Tanzania zote zimewahi kuukausha utomvu huo na kuuza nje. Papai linavyoiva utomvu hupungua, kwa hiyo lile la njano, tamu kwa juisi, halitakusaidia. Lakini wengi hawajui kwamba papaini hufanya kazi polepole nyama ikiwa baridi, na hushika kasi joto likifika kati ya nyuzi 60 na 70. Likizidi sana hapo, hufa. Maana yake sehemu kubwa ya ulainishaji hufanyika juu ya mkaa, wakati kipande kinapanda joto. Anayeilaza nyama na papai usiku kucha akitumaini italainika zaidi hupata vipande vyenye uso wa uji na moyo mgumu, visivyoshika hata kwenye kijiti. Kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi lililosagwa kinatosha kilo nzima ya steki, kwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuchoma. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha aina hiyo, basi ukiiweka nyingi, punguza papai.

Usiku uachie chumvi. Katika vyote tunavyotia bakulini, chumvi ndiyo inayozama hasa. Kwanza huvuta maji ya nyama nje, kisha maji hayo hurudi ndani nayo, na protini zilizokutana nayo hushikilia unyevu hata moto ukiwa mkali. Vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, visawazishwe, kwa kilo moja. Changanya jioni, funika, weka kwenye friji. Ninasisitiza friji, kwa sababu joto la pwani halina huruma: nyama mbichi isikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na siku ya nyuzi zaidi ya 32, isivuke saa moja.

Kitunguu saumu, bizari na pilipili manga havisafiri hivyo. Ladha yake huishia milimita chache kutoka juu, hata ukivilaza siku mbili. Hapo ndipo ninapovutiwa na akili ya waliobuni mishkaki. Chukua pande la nyama la sentimita 6 kila upande, ulikate vipande vya sentimita 2: unapata vipande 27, na eneo la kushika viungo na moshi linakuwa mara tatu ya lile la awali. Viungo vimefikishwa ndani kwa kisu. Wachomaji wa Kenyatta Market, Nairobi, wanaoweka mbavu na paja zima la mbuzi motoni, nao wako sahihi kutegemea chumvi na kuiacha kachumbari ifanye yaliyobaki. Pande kubwa hivyo lisingenufaika na bakuli la viungo.

Ugomvi wangu ni na ndimu. Watu hukamua tano, sita, wakiamini uchachu hulainisha. Nyama ikikaa humo, uso wake hugeuka kijivu, protini hujikaza na kutema maji, na motoni hukauka mapema. Siki ni hivyohivyo. Tena uchachu hula sufuria za alumini na kuacha ladha ya chuma, kwa hiyo tumia bakuli la kioo, la plastiki au la udongo. Anayependa uchachu ndani atumie mtindi, ambao ni mpole zaidi. Nyanya za kopo na sosi zenye sukari zipakwe dakika za mwisho tu, la sivyo zitaungua nyama ikiwa bado mbichi.

Kile kirojo kinachobaki bakulini kimegusa nyama mbichi, hivyo msikipake kwenye mishkaki iliyokwisha kuiva; kimwagwe, au kichemshwe vizuri kwanza. Ndimu zilizookolewa zikatwe vipande na kuwekwa mezani pamoja na ukwaju wa pilipili, kila mlaji akamulie mshkaki wake ungali na joto.